Tom Morris, mzee aliyefufua nyasi kila baada ya baridi

Kiwanja cha mtaa wetu hapa Suna kilikufa Februari. Jua lilikuwa limepiga tangu Krismasi, na sisi vijana tukaongezea yetu: mechi asubuhi, mechi jioni, Jumapili mechi tatu. Kufikia mwisho wa mwezi, katikati ya kiwanja na mbele ya magoli yote mawili kulikuwa na kipara. Halafu mvua ya Machi ikaja bila kubisha hodi, kipara kikageuka tope la kuvua watu viatu.

Mimi ndiye niliyeangukiwa na kazi ya kukifufua. Sababu ni rahisi. Niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kukatika, niko nyumbani, na mtaani mtu aliye nyumbani huhesabiwa hana kazi. Sina cheti cha nyasi wala cha kitu kingine. Nilikuwa na simu, bando la siku moja na jembe la kukopa. Nikaanza kusaka mtandaoni jinsi watu wanavyorudisha uwanja uliochakaa, nikitarajia video ya muuza mbolea. Badala yake nikakutana na picha ya mzee wa Scotland mwenye ndevu nyeupe, kiko mdomoni na mkono mfukoni, aliyefariki 1908.

Anaitwa Tom Morris. Watu wa gofu humwita Old Tom, yaani Tom Mzee, kwa sababu alikuwa na mwana mwenye jina hilo hilo, na mwana huyo alitikisa dunia ya gofu kuliko baba. Najua unachowaza. Gofu? Suna? Hapa kwetu ukitaka kuona uwanja wa gofu unapanda matatu hadi Kisii, au unaenda mpaka Kisumu, na wengi wetu tumeuona kupitia ua tu. Vumilia kidogo. Huyu mzee alikuwa na shida yetu hasa, ila yake ilikuja na theluji.

Alizaliwa Juni 16, 1821 katika mji wa St Andrews, pwani ya mashariki mwa Scotland. Babake alikuwa mfumaji wa vitambaa, familia ya kawaida kabisa. Kati ya mji na bahari kulikuwa na ukanda wa ardhi ya mchanga, yenye vilima vidogo na nyasi fupi, ambayo haikufaa kwa kilimo. Watu wa mji walianika nguo hapo, walilisha mifugo hapo, sungura walichimba mashimo hapo, na kwa miaka mia kadhaa watu walicheza gofu hapo hapo. Haikuwa ardhi yenye geti na mbwa wa kufukuza watu. Mtoto wa mfumaji alijifunza gofu kama sisi tulivyojifunza kandanda, barabarani na kwenye uwanja wa wote.

Akiwa kijana alienda kujifunza kazi kwa Allan Robertson, aliyekuwa mchezaji bora zaidi wa enzi hizo na fundi wa kutengeneza mipira. Mpira wa gofu wakati huo ulikuwa kifuko cha ngozi kilichoshindiliwa manyoya ya ndege. Fundi alishindilia manyoya ya kujaza kofia nzima ndani ya kimpira kimoja, kisha akashona. Ilikuwa kazi ya kuua kifua na vidole, na mipira ilikuwa ghali. Mwaka wa 1848 ukaja mpira mpya wa utomvu wa miti ya Asia, wa bei nafuu na usiopasuka ukilowa. Robertson aliuchukia kwa sababu uliingia moja kwa moja kwenye mfuko wake. Siku moja akamwona Tom akicheza na mpira huo mpya, wakakosana, na Tom akapoteza kazi. Kama umewahi kufutwa kwa kuonekana na kitu cha mshindani wa bosi, unamwelewa.

Mwaka wa 1850 ulikuwa umemchapa pia kwa njia nyingine. Yeye na mkewe Nancy walimzika mtoto wao wa kwanza, aliyeitwa Tom, akiwa na miaka minne. Mwaka uliofuata wakapata mvulana mwingine, wakampa jina lile lile. Watu wa huku kwetu hatuhitaji kuelezwa sana jambo la mtoto kubeba jina la aliyetangulia.

Mwaka huo huo wa 1851 Tom alihamia Prestwick, pwani ya magharibi, na mtoto mchanga mkononi. Klabu mpya ilitaka mtu wa kutengeneza uwanja na kuutunza. Akapewa kipande cha ardhi chenye vilima vya mchanga na akatengeneza mashimo 12. Hakuna aliyekuwa amesomea kazi hiyo, kwa sababu haikuwepo shuleni. Aliisomea kwa mikono.

Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ambayo watunza viwanja husimulia hadi leo. Inasemekana siku moja Tom alimwaga kwa bahati mbaya toroli la mchanga kwenye grini, ile sehemu laini yenye shimo na bendera ambapo nyasi hukatwa fupi kabisa. Baada ya muda akaona pale palipomwagika mchanga nyasi zimetoka nzuri kuliko kwingine kote. Iwe ilitokea hivyo au hadithi imepambwa, kitu kimoja hakina ubishi: tangu hapo mchanga ukawa dawa yake ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Suna hii, mchanga! Malori yanapita nao kila siku kwenda kwa wajenzi. Tunaujua kwa simiti, kwa matofali na kwa kugombana na majirani waliomwagiwa mlangoni. Nani amewahi kufikiria kuumwaga juu ya nyasi kwa makusudi?

Lakini ukielezwa unaona mantiki. Kiwanja kinachokanyagwa sana hushikana udongo. Maji hayashuki, yanabaki juu yanatengeneza dimbwi, na mizizi inakosa hewa. Chini ya majani mabichi hujengeka tabaka la majani yaliyokufa, kama godoro, na godoro hilo linashika unyevu na kuleta kuvu na ugonjwa. Ukinyunyiza mchanga mwembamba, halafu ukaufagia uingie ndani, unajaza vishimo, unalainisha uso, unafungulia maji njia, na ile nyasi inachipua kupitia humo. Neno muhimu ni mwembamba. Ukiumwaga kama unajenga msingi wa nyumba, umezika nyasi zikiwa hai. Mimi nilifanya kosa hilo kwenye kona moja na kona hiyo bado inanidai.

Turudi kwa Tom. Mwaka wa 1860 Prestwick iliandaa mashindano ya kutafuta bingwa. Walijitokeza wachezaji wanane pekee, wakazunguka mashimo yale 12 mara tatu kwa siku moja, na Tom akamaliza wa pili nyuma ya Willie Park. Hayo ndiyo mashindano yaliyokua yakawa Open ya Uingereza tunayoyaona leo kwenye runinga. Tom aliyashinda 1861, 1862, 1864 na 1867. Ule ushindi wa 1862 ulikuwa wa tofauti ya mikwaju 13, na hakuna aliyeshinda shindano kubwa la gofu kwa pengo kubwa zaidi hadi Tiger Woods mwaka wa 2000. Ule wa 1867 aliupata akiwa na miaka 46, na hadi leo hakuna mtu mzee zaidi aliyewahi kushinda Open. Kumbuka alikuwa akishindana kwenye uwanja alioutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Wachezaji wa siku hizi wana watu wa kuwabebea hata chupa ya maji.

Mwaka wa 1865 alirudi nyumbani St Andrews. Robertson alikuwa ameshafariki 1859, na uwanja ule mkongwe ulikuwa unachakaa. Klabu kubwa ya pale, Royal and Ancient, ilimpa Tom kazi ya kuutunza kwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka, pamoja na pauni 20 za matumizi ya uwanja. Akakabidhiwa toroli, koleo na sepetu. Aliruhusiwa msaidizi mmoja wa kazi nzito kwa siku mbili za wiki. Hiyo ndiyo ilikuwa idara nzima ya uwanja maarufu kuliko yote duniani. Jembe langu la kukopa nikaliona si haba.

Sasa fikiria baridi ya kule. Sisi tunajua jalidi kwa kusikia, pale wakulima wa chai kule Kericho au wa viazi kule Nyandarua wanapolia Januari kwamba majani yamechomeka usiku mmoja. St Andrews hali hiyo inaweza kurudi tena na tena kwa miezi, na upepo wa bahari juu yake. Maji yaliyo ndani ya jani la nyasi huganda. Mtu akilikanyaga jani lililoganda, linavunjika ndani kama glasi, na siku chache baadaye unaona nyayo nyeusi zimechorwa kwenye grini, kila hatua aliyopiga. Jua likitoka, sehemu ya juu inayeyuka lakini chini bado kumeganda, kwa hiyo maji hayana pa kwenda. Uso unakuwa kama uji juu ya jiwe. Ukiruhusu watu wacheze siku hiyo, mizizi inakatika na utalipa hadi Juni.

Na watu walitaka kucheza. Gofu ya Scotland haikuwa mchezo wa kiangazi pekee, wazee wengi walicheza hata katika miezi ya baridi. Klabu nayo ilikuwa na mkutano na mashindano yake ya machipuko mwezi wa Mei. Kwa hiyo kila mwaka Tom alikuwa na tarehe ukutani. Baridi inaachilia polepole mwezi wa Machi, udongo unachelewa kupata joto, nyasi zinasita, upepo wa mashariki unakausha kile kidogo kilichotoka, na waheshimiwa wanakuja Mei wakitaka kukuta zulia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya taratibu. Kukwangua kuvumwani iliyotambaa kwenye sehemu zenye kivuli na unyevu. Kufagia vichuguu vidogo vya udongo vinavyotemwa na minyoo. Kujaza mashimo yaliyochimbwa na vijiti vya wachezaji na yale ya sungura. Kurudisha kingo za mashimo makubwa ya mchanga yaliyoporomoka kwa upepo. Kubandika vipande vya nyasi vilivyokatwa kutoka mahali penye afya, kama fundi wa viraka. Kuviringisha gogo zito ili uso ukae sawa, lakini isiwe siku ya unyevu, maana utashindilia udongo uliokuwa unajaribu kuulegeza. Kuhamisha shimo na bendera ili watu wasikanyage mahali pamoja. Na mchanga, kisha mchanga tena. Msaidizi wake lazima aliota mchanga.

Mashine za kusukuma za kukata nyasi zilikuwepo tayari, zilibuniwa Uingereza mwaka wa 1830, na viwanja vya gofu vilianza kuzitumia kwenye grini. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na fyekeo, kondoo na wale sungura. Mbuzi wetu wa mtaani wangefurahi kusikia kwamba ukoo wao uliwahi kuajiriwa.

Lakini silaha yake kubwa kuliko hata mchanga ilikuwa kuiacha ardhi ilale. Uwanja wa St Andrews ulikuwa mwembamba, watu wakienda na kurudi kwa njia moja. Ulikuwa umeanza kupanuliwa kabla yake, naye akaendeleza, hadi grini nyingi zikawa kubwa zenye mashimo mawili, moja la waendao na moja la warudio. Mwaka wa 1870 akajenga grini mpya ya shimo la kwanza, na hiyo ikawezesha uwanja kuchezwa kwa kuzunguka upande wowote. Basi wakawa wanabadilisha: wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto. Sehemu zilizopigwa sana wiki moja zilipata nafuu wiki iliyofuata. Ni hesabu rahisi ambayo mtu akiisikia anajiuliza kwa nini sisi tunacheza goli lile lile mwaka mzima.

Na Jumapili uwanja ulifungwa. Tom alikuwa mtu wa kanisa, lakini hoja yake kwa waliolalamika haikuwa ya dini peke yake. Aliwaeleza kwamba hata kama wao hawakuhitaji kupumzika, nyasi zilihitaji. Uwanja huo mkongwe bado hufungwa Jumapili nyingi hadi leo, na watu wa mji huingia kutembea na mbwa wao.

Yule mtoto aliyebebwa hadi Prestwick alikuwa sasa kijana, na alikuwa noma. Mwaka wa 1868, akiwa na miaka 17, alishinda Open, na aliyemaliza wa pili alikuwa babake. Akashinda tena 1869 na 1870. Sheria ilisema anayeshinda mara tatu mfululizo anachukua mkanda wa ubingwa uwe wake, kwa hiyo akaenda nao nyumbani, na mwaka wa 1871 mashindano hayakufanyika kabisa. Yaliporudi 1872 akashinda tena. Huyu ndiye aliyefanya watu walipe nauli ya treni kuja kutazama gofu. Baba na mwana walisafiri pamoja, wakicheza mechi za pesa dhidi ya jozi nyingine, wakipigwa picha pamoja, baba ameketi na mwana amesimama na mkono begani.

Septemba 1875 walikuwa North Berwick wakicheza dhidi ya ndugu wawili, Willie na Mungo Park. Mke wa Tom Mdogo, Margaret, alikuwa nyumbani St Andrews akikaribia kujifungua. Ikaja simu ya maandishi kwamba amezidiwa. Kwa treni safari ilikuwa ya mzunguko mrefu, kwa hiyo mwenye mashua mmoja akajitolea kuwavusha kupitia ghuba usiku. Walipofika, Margaret na mtoto walikuwa wameshafariki.

Kijana hakurudi kuwa yule yule. Mwishoni mwa Novemba akakubali mechi ya siku kadhaa dhidi ya Arthur Molesworth, bwana mmoja kutoka Uingereza, hapo hapo St Andrews. Baridi ilikuwa imeingia mapema na kwa hasira. Theluji ikaanguka. Mchezaji yeyote mwenye akili angeahirisha, lakini mechi iliendelea, ikabidi grini zifagiliwe theluji ili mpira upate pa kubingirika. Mimi nikisoma hapo nilimfikiria baba. Ardhi ile imeganda, kila hatua inavunja nyasi zake, na anayezikanyaga ni mwanawe aliyefiwa ambaye hataki kuacha kucheza. Je, ungemfungia uwanja? Mechi ilichezwa hadi mwisho na kijana akashinda.

Asubuhi ya Krismasi 1875 Tom Mdogo alikutwa amekufa kitandani, nyumbani kwa babake. Mshipa ulikuwa umepasuka, damu ikavujia pafuni. Alikuwa na miaka 24. Mji mzima ulisema amekufa kwa kuvunjika moyo, na hadi leo watu wanapenda kusema hivyo. Babake hakukubaliana nao. Inasimuliwa kwamba aliwaambia kama moyo uliovunjika ungeweza kuua mtu, basi yeye mwenyewe asingekuwa hai.

Vilabu 60 vya gofu vilichanga pesa za kumjengea kijana mnara kwenye makaburi ya kanisa kuu lililobaki magofu, na bado upo. Baba hakupewa likizo na baridi. Januari, Februari, jalidi liliendelea kufanya kazi yake, na Machi ikafika kama kawaida. Kuvumwani ilikuwa pale pale. Minyoo walikuwa wametema udongo. Grini ambazo zilifagiliwa theluji ili mtoto wake acheze zilihitaji mchanga. Tom Morris akachukua toroli. Mashindano ya Mei yalikuwa yanakuja, na vuli ya mwaka huo Open yenyewe ilichezwa pale St Andrews, kwenye uwanja alioutayarisha yeye. Mwaka huo huo wa 1876 haukuisha kabla ya kumzika Nancy pia.

Sijui ningefanya nini. Nilipoacha chuo nilikaa miezi mitatu nikitazama dari, na hakuna aliyekuwa amekufa.

Aliendelea na kazi hiyo hadi 1903, alipostaafu akiwa na miaka 82. Duka lake la kutengeneza vijiti lilikuwa kando ya grini ya mwisho, na aliweza kuona kutoka dirishani nani anakanyaga wapi. Kila asubuhi aliogelea baharini, hata wakati wa baridi, jambo ambalo sishauri mtu yeyote wa Homa Bay alijaribu kwa sababu zetu tofauti, zikiwemo viboko. Alicheza Open akiwa amepita miaka 70. Alizunguka Uingereza na Ireland akichora viwanja vipya au kurekebisha vya zamani: Dornoch, Muirfield, Lahinch, County Down na vingine vingi. Shimo la 18 pale St Andrews lina jina lake, na hilo ni haki, kwa kuwa grini yake aliijenga mwenyewe. Watoto wake wote walitangulia kaburini. Wa mwisho aliondoka 1906.

Mwaka huo wa 1906 ndio gofu ilipata klabu yake Nairobi, mji ambao miaka michache nyuma ulikuwa kambi ya reli kwenye kinamasi. Kwa hiyo mzee alikuwa bado anavuta kiko chake Scotland wakati walowezi wanapima mashimo huku kwetu. Na kuna kitu kimoja kinachonifurahisha. Nyasi za Kikuyu, zile ngumu za nyanda zetu za juu zinazotambaa hata ukizikatakata, zilisafirishwa baadaye hadi ng'ambo, na leo wachezaji mabilionea wanahangaika kutoa mpira ndani yake katika uwanja wa Riviera kule Los Angeles. Mchanga wa mzee na nyasi za shangazi zetu.

Alifariki Mei 24, 1908, mwezi ule ule ambao uwanja wake ulipaswa kuwa kijani. Alikuwa kwenye klabu moja ya pale mjini, akainuka kwenda msalani, akafungua mlango usio wake na kuanguka ngazi za kuelekea stoo ya chini. Alikuwa na miaka 86. Mtu aliyeepuka kila shimo kwa miaka 80 alimalizwa na ngazi. Walimzika karibu na mnara wa mwanawe, mahali ambapo upepo wa baharini hauna kizuizi.

Kwetu hapa nilianza kwa kumshawishi jaduong' mmoja, jirani ya kiwanja, ambaye vijana wanamheshimu kuliko mimi. Nilimweleza kuhusu mchanga akanitazama kama mtu aliyeanza kuvuta bangi. Nilipomweleza kuhusu kuiacha ardhi ipumzike alinyamaza, kisha akasema kwa Kijaluo kwamba hata shamba la babu yake lilikuwa likiachwa, na kwamba ni sisi wa siku hizi tunaodhani udongo ni lami. Yeye ndiye aliyetoa kamba.

Tumegawa kiwanja mara mbili. Wiki hii tunacheza kwa upana upande wa barabara, wiki ijayo upande wa mto, magoli ni ya mawe na shati. Sehemu ya kipara imechimbuliwa kwa uma, ikapandwa vipande vya nyasi tulivyotoa kando ya njia, ikanyunyiziwa mchanga mwembamba. Lori lilituachia mchanga wa bei ya urafiki, ingawa nusu yake ilitoweka usiku wa pili na siku hizi kuna jirani ana sakafu mpya nzuri sana. Jumapili tumefunga kabisa. Hilo ndilo lililoleta kelele. Mara mbili nimekuta kamba imekatwa, na mara ya pili nilikuta pia alama za viatu katikati ya tope, zimeenda moja kwa moja hadi golini na kurudi.

Nimefunga kamba tena. Mashindano ya mtaa ni mwisho wa Aprili, na kwenye ile kona niliyoizika kwa mchanga, jana jioni nilihesabu machipukizi saba.